Jina la Mume Wangu Kwenye Bango

Daegu, 12 Julai 1983

Mdogo wangu Geum-suk,

Nakusalimu kutoka kwenye joto la Daegu, ambalo nadhani huko Duisburg umeshalisahau. Barua yako ya Mei ilifika pamoja na krimu ya mikono. Mi-ran kaichukua yote. Anasema mikono inayotazamwa ni ya bibi harusi, mimi nilishaolewa zamani. Harusi imepangwa tarehe 23 Oktoba. Mama wa kijana ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kupima kila neno kabla hajalijibu, lakini kijana mwenyewe mpole. Mdogo wake Byeong-u yuko jeshini, kambini karibu na mpaka, anaomba soksi. Mvua za msimu zimeanza na viatu vyote vimeota ukungu kabatini. Shemeji yako hajambo, duka la miwani linakwenda.

Sasa nikupe habari ya Jumamosi.

Tuliwaalika wenzetu wa kupanda mlima, Bwana Eum na mkewe na Bwana Do na mkewe. Wewe unawajua kwa picha tu, ila ni miaka kumi sasa, kila Jumapili tunapanda pamoja na kula pamoja. Mi-ran alikuwa ameitwa ukweni. Nilipika kuku wadogo sita, kila mtu na wake, nimewajaza wali, vitunguu saumu na mizizi ya ginsengi. Kulikuwa bado mchana mweupe, milango yote wazi kwa ajili ya upepo.

Televisheni ilikuwa inawaka. Huenda huko hamjapata habari. Tangu mwisho wa Juni kuna kipindi cha watu waliopoteana wakati wa vita. Walikusudia kiwe cha usiku mmoja, na mpaka leo hakijakatika. Watu wanasimama na mabango vifuani: natafuta kaka, natafuta mama. Wakikutana wanapiga mayowe mpaka unaogopa. Nilitaka kuizima tule, Bibi Eum akanizuia.

"Iache, Mama Mi-ran. Mimi siku hizi nisipolia kidogo chakula hakipiti."

Basi tukawa tunakula, Bibi Eum analia na kutafuna. Mara Bwana Do akapiga meza kwa kiganja.

"Ee, Pyo! Tazama pale! Kuna mwenzio mwenye jina lako, mke anamtafuta! Umekimbilia wapi, bwana?"

Tukacheka wote. Nami nilicheka, Geum-suk. Nakumbuka nilikuwa na paja la kuku mkononi. Kwenye kioo alisimama mwanamke wa miaka kama hamsini na mitano, blauzi ya kijani, nywele fupi. Bango lake lilisema: NATAFUTA MUME. PYO HAK-SU, MIAKA 57. KWAO HONGWON, HAMGYONG KUSINI. TULIPOTEANA BANDARI YA HEUNGNAM, DESEMBA 1950.

"Na wewe si mtu wa Hongwon?" Bwana Eum akauliza, bado anatafuna.

Mtangazaji akamwuliza yule mwanamke kama mumewe ana alama. Akasema kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakina ncha, kililiwa na mashine ya kukoboa mpunga alipokuwa na miaka tisa.

Ule mkono ulikuwa mezani, umeshika bilauri. Watu wanne waliutazama, na mimi wa tano. Baba Mi-ran akaiweka bilauri chini taratibu, akaupeleka mkono chini ya meza. Halafu akaendelea kula kwa wa kulia.

Nikasema, "Nani nimwongezee supu?"

Bwana Do akasema yeye. Nikamwongezea. Bibi Do, yule asiyesema sana, aliinuka akaizima televisheni, akarudi kukaa. Tulikula tukamaliza. Nilikata tikiti maji, tukalila pia. Walipokuwa wanavaa viatu walisema, "Tumeshiba, Mama Mi-ran, kuku wako hana mfano," na Bwana Eum hakuweza kufunga kamba ya kiatu, akaondoka ikiburuta.

Shemeji yako alinawa miguu akalala. Jumapili hakusema kitu. Jumatatu alifungua duka. Mimi nimeosha vyombo, nimeanika matandiko, nimemtafutia Byeong-u soksi. Nangoja nikasirike, hasira haiji. Ni kama pale daktari wa meno anapokuchoma sindano, unajigusa shavu na unaona si la kwako.

Wewe ulikaa nasi miaka minane ukisoma. Je, aliwahi kukutajia mwanamke wa Hongwon? Nijibu hilo tu.

Dada yako,
Geum-rye


Duisburg, 3 Agosti 1983

Dada yangu,

Nimefurahi kusikia wote mko wazima. Huku pia kuna joto, ila si kama la kwetu. Wodi yangu ni ya wazee, na wazee wa Kijerumani hawataki dirisha lifunguliwe hata wakitokwa jasho. Nimepewa zamu ya asubuhi mwezi mzima. Jirani yangu wa chini amenifundisha kutengeneza keki ya tufaha, nikaiunguza. Mwambie Mi-ran nimemnunulia shuka za kitani, zitafika kabla ya harusi.

Kuhusu ile Jumamosi, dada, ningekuwa wewe ningeizima televisheni na kuifunika kitambaa. Majina yanafanana. Vidole vinakatika kila siku, waulize wauguzi. Mtu aliyekaa bila mume miaka thelathini na mitatu anaweza kumwona mume kila mahali, na mwanamke mwenye sauti nzito namna ile, kama ya mwanaume, nani ajuaye akili yake ikoje. Fikiria Mi-ran kwanza. Ukweni wakisikia kwamba baba yake ana mke mwingine, watavunja kabla hata hawajauliza ni kweli au uongo. Waombe wale rafiki zako wanyamaze. Shemeji ni mtu mwema. Mwanaume akinyamaza, usimchokonoe.

Zamu inanisubiri. Kula vizuri, usilale na feni usoni.

Mdogo wako,
Geum-suk


Daegu, 29 Agosti 1983

Mdogo wangu Geum-suk,

Shuka zimefika, Mi-ran amezinusa na kuzirudisha kwenye boksi. Amenenepa kwa furaha, namwambia apunguze wali au gauni litakataa. Byeong-u alipata likizo ya siku nne, akazilala zote. Mvua zimekwisha, sasa ni kelele za nyenze mitini.

Safari za mlimani zimekufa. Hakuna aliyesema zimekufa. Jumapili ya kwanza Bwana Eum goti lilimuuma, ya pili Bwana Do alikuwa na mgeni. Bibi Eum alikuja na tikiti maji mikononi na macho yakizunguka nyumba nzima kama anatafuta pale tulipomficha yule mwanamke. "Pole, Mama Mi-ran. Mimi ningekuwa nimeshajinyonga." Nikamshukuru kwa tikiti. Bibi Do hakuja ndani. Alinikuta sokoni, akanitia karatasi kwenye kikapu katikati ya vitunguu, akaenda zake. Alikuwa amenakili namba ya simu iliyotolewa kwenye televisheni siku ile. Kumbe kabla hajaizima aliisoma.

Nilimwuliza Baba Mi-ran. Ilikuwa asubuhi, anapiga mswaki uani.

"Yule ni nani?"

Akasukutua, akatema. "Nilikuwa na mke."

"Jina lake?"

"Bong-im."

"Na watoto?"

"Mmoja. Alikuwa bado tumboni."

"Uliniambia ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa peke yangu. Watu walikuwa wengi bandarini, nilisukumwa nikapanda meli, wao na mama wakabaki. Nilijua wamebaki kaskazini. Mpaka ulifungwa, na mtu aliyebaki kaskazini ni sawa na aliyekufa, Mama Mi-ran, ungefanyaje?"

Nikaona ni kweli. Watu wangapi wamefanya hivyo. Nikampa taulo. Miaka ishirini na saba nimelala na mtu huyu, na nilichowaza wakati ule ni kwamba taulo limechakaa.

Lakini wewe, Geum-suk. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi sikukuandikia habari ya sauti. Nimeikumbuka barua yangu neno kwa neno, nilitaja blauzi na nywele, basi. Na televisheni yetu haifiki Ujerumani. Sauti yake ni nzito kweli, kama ya mwanaume.

Umejuaje?

Geum-rye


Daegu, 30 Septemba 1983

Geum-suk,

Sisi wazima. Nimekutumia kilo mbili za pilipili ya unga, ya mwaka huu. Mwezi umepita na sina barua yako. Posta wanasema hakuna mgomo huko.

Geum-rye


Duisburg, 14 Oktoba 1983

Dada yangu,

Pilipili imefika salama. Wakorea wenzangu wa bwenini wote wamekuja na vikombe kuomba. Majani yameshaanguka huku, na saa kumi na mbili jioni tunawasha taa. Mimi ni mzima. Nimeandika barua hii mara nne, na tatu nimezichana.

Ilikuwa majira ya kuchipua, 1962. Byeong-u alikuwa na siku sita. Wewe ulikuwa umelala chumba cha ndani na homa ya uzazi, daktari alishakuja mara mbili, na mama yetu alikuwa ametoka kwenda kumtafuta tena. Mimi nilikuwa jikoni, nachemsha supu ya mwani. Mi-ran alikuwa kafungwa mgongoni mwangu. Lango likagongwa.

Alikuwa mwanamke ameshika mkono msichana wa kama miaka kumi na mmoja. Akasema kwa ile sauti, "Samahani, binti. Nimeambiwa hapa anakaa Pyo Hak-su wa Hongwon, anayetengeneza miwani. Mtu wa kwetu alimwona sokoni. Mimi ni mkewe."

Nilikuwa na miaka kumi na sita, dada. Nilimtazama yule msichana na nikamwona Mi-ran. Paji lilelile, masikio yaleyale yaliyosimama. Sikuhitaji kuuliza kitu. Nikasikia unakohoa ndani.

Nikasema, "Alikuwa mpangaji hapa. Amehamia Busan."

"Busan sehemu gani?"

"Sijui. Busan tu."

Msichana akaomba maji. Nikampa. Alikunywa kata nzima bila kupumua, kisha akarudisha kata kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Mama yake akainama mpaka chini kunishukuru. Mimi, mtoto wa shule, alinishukuru hivyo. Waliposhuka mteremko nilifunga lango kwa komeo. Supu ilikuwa imeungua chini, nikakuletea ile ya juu.

Jioni shemeji aliporudi nilimwambia kila kitu. Alikaa kwenye ngazi hajavua viatu. Hakwenda kuwatafuta, na stesheni haikuwa mbali. Aliniuliza jambo moja, "Mtoto ni wa kike au wa kiume?" Nikamwambia. Hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Mwaka uliofuata akasema nitasomea uuguzi na yeye atalipa. Sijajua mpaka leo kama ilikuwa shukrani au alitaka niondoke machoni pake. Mimi nilitaka kuondoka machoni pake.

Kwa hiyo si kweli kwamba alijua wamebaki kaskazini. Alidhani hivyo mpaka 1962. Baada ya hapo alijua.

Ulikuwa unakufa, dada. Hiyo si sababu ya kunyamaza miaka ishirini na moja, ila siku ile ilikuwa sababu.

Geum-suk


Daegu, 27 Novemba 1983

Geum-suk,

Tumetia kimchi ya kula majira ya baridi, kabichi sitini za chumvi na pilipili. Zamani tulitia mia, sasa nani atakula. Harusi ilipita salama. Mvua haikunyesha, gauni lilikubali kufungwa, na mama wa kijana alitabasamu mara mbili. Eum na Do walikuja, wakakaa meza ya mbali. Baba Mi-ran alimshika binti yake mkono kumpeleka mbele, kwa ule mkono wa kushoto, na kwenye picha zote kidole kinaonekana.

Barua yako ilifika siku mbili baadaye. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaiweka chini ya sufuria, nikaendelea kuosha figili. Zilikuwa nyingi. Nilipomaliza zote nikajua mikono imekufa kwa baridi, sikuwa nimeisikia.

Baadaye nilimwambia tu, "Ulijua tangu 1962."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Byeong-u alikuwa na siku sita."

Mmejibu neno moja, wewe na yeye, kama mliopangana.

Nikapiga ile namba aliyonipa Bibi Do, wa televisheni wakanielekeza aliko. Tarehe 8 nikapanda treni kwenda Busan, nikamwambia Baba Mi-ran nakwenda kununua dagaa wa kutilia kimchi. Na kweli Bong-im anauza dagaa. Ana meza sokoni, dagaa wakavu kwa ukubwa tofauti na mwani uliofungwa mafungu. Nilisimama upande wa pili wa njia, sikujua nianzeje. Akainua kichwa.

"Wewe ni mke wake."

"Umejuaje?"

"Wateja hawaji na mkoba mzuri wakasimama mbali. Pita huku, keti. Huko utamwagiwa maji ya samaki."

Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akanimiminia supu kutoka kwenye chupa yake, tukanywa kifuniko kimoja kwa zamu. Ana miaka hamsini na mitano na mgongo umepinda. Msichana yule anaitwa Yeong-sil, ana miaka thelathini na miwili, anapika kwenye shule ya msingi, ana watoto wawili wa kiume.

"Nilimtafuta Daegu," akasema. "Msichana mmoja wa shule akaniambia amehamia Busan. Nikaja. Mwaka wa kwanza nilizunguka kila duka la miwani la mji huu. Mwaka wa pili nikapata meza hii, nikawa nawatazama wanaopita. Hata kurudi kuishi kisiwani Geoje, meli ilikotushusha, sikurudi, nikisema siku nitakayohama ndiyo siku atakayopita."

Miaka ishirini na moja, Geum-suk. Wewe ulisema Busan kwa kuwa ndilo neno la kwanza lililokujia. Yeye akalijengea maisha.

Nikamwuliza anataka nini kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

Akacheka. "Mume? Nimfanye nini mume sasa, nimwanike na dagaa? Sikia, dada. Mama yake tulipanda naye meli nyingine, mimi na tumbo langu na yeye na homa yake. Alifariki Geoje mwezi wa pili, siku ya kumi na moja, kwa kalenda ya zamani, ya mwezi mwandamo. Nilimzika mimi. Tangu hapo kila mwaka nampikia mimi, nampigia magoti mimi, mkwe peke yangu, wakati mtoto wake wa kumzaa yuko hai mahali. Nataka aijue tarehe. Nimechoka kuibeba mwenyewe."

Unajua kwamba Baba Mi-ran humfanyia mama yake ibada siku ya tisa ya mwezi wa tisa, siku ya marehemu ambao tarehe zao hazijulikani. Unajua kwa sababu ulikuwa unanisaidia kupika. Miaka yote hiyo nimempikia mkwe wangu siku isiyo yake.

Alinifungia dagaa, wakubwa wa supu, akakataa kupokea kitu.

Nyumbani nilimngoja amalize kula. Nikasema, "Mama yako alifariki Geoje. Mwezi wa pili, siku ya kumi na moja, mwaka wa 1951."

Akaweka kijiko. "Nani alikuwa naye?"

"Yeye."

"Alizikwa?"

"Amezikwa. Kila vuli anakwenda kufyeka nyasi za kaburini."

Akaweka viganja vyote viwili sakafuni akalia kama mtoto, na kamasi. Sijawahi kumwona hivyo. Nilimtazama kama unavyotazama mvua ya barabarani ukiwa ndani. Kisha nikaondoa vyombo. Siku hizi nalala chumba cha Mi-ran. Hatukugombana, ni kwamba tu kile kitanda kiko wazi.

Geum-rye


Duisburg, 19 Desemba 1983

Dada,

Theluji imeanguka. Nimehamishiwa zamu ya mchana. Mwaka kesho Agosti nina likizo ya wiki sita, ya kwanza tangu 1977, na nimeshaandikisha tiketi, ila naweza kuirudisha.

Ulimwambia Bong-im yule msichana wa shule alikuwa ni nani? Na wewe, umenisamehe? Usipotaka kujibu la pili, nijibu la kwanza.

Geum-suk


Daegu, 18 Machi 1984

Mdogo wangu Geum-suk,

Miezi mitatu sikukujibu, na sikuwa mgonjwa. Mi-ran ana mimba, atajifungua Septemba. Anatapika kila kitu isipokuwa tambi baridi. Byeong-u amebakiza mwaka mmoja jeshini. Safari hii hakuomba soksi. Tumemweleza yote, na Mi-ran pia. Mi-ran alilia kwa hofu ya mama mkwe, kisha akaenda akamwambia mwenyewe. Yule mwalimu mkuu alipima maneno yake kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hata mimi nina kaka kule kaskazini," na hawakuzungumza tena jambo hilo.

Mwezi wa pili, siku ya kumi na moja, mwaka huu iliangukia Jumanne iliyopita. Tulifunga duka. Baba Mi-ran alivaa suti ya harusi ya binti yake, tukapanda treni ya asubuhi, Byeong-u akapewa ruhusa ya siku mbili akatukuta Busan. Njia nzima Baba Mi-ran alishika kofia magotini.

Bong-im ana vyumba viwili juu ya mlima, ngazi mia na zaidi. Alifungua mlango akamtazama mume wake wa miaka thelathini na mitatu iliyopita kutoka juu hadi chini.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nilizeeka kazini. Ingia, supu inapoa."

Yeong-sil hakumsalimu. Alisimama jikoni akikaanga samaki, mgongo kwetu, masikio yamesimama kama ya Mi-ran. Nilifunga aproni nikasimama karibu naye, nikawa nageuza vipande. Hakunikataza. Chumba cha pili Baba Mi-ran aliandika jina la mama yake kwenye karatasi ya ibada, Byeong-u akimshikia wino. Akapiga magoti mara mbili na hakuinuka. Tulingoja. Bong-im ndiye aliyemwambia, "Inatosha. Amekusikia. Waachie wengine nafasi." Watoto wa Yeong-sil wakapiga magoti, kisha Byeong-u. Yeong-sil alikuja wa mwisho, akampigia bibi yake, akapita mbele ya baba yake kama anavyopitwa mtu kwenye foleni, akarudi jikoni.

Sijui kama atamsalimu siku moja. Baba Mi-ran ameomba aende tena vuli, kufyeka nyasi. Bong-im amesema nyasi ni za kila mtu.

Tulipokuwa tunaondoka Yeong-sil alinisindikiza mimi, akawaacha wanaume watangulie. Alibeba fungu la vyakula vya ibada mpaka stesheni, akaniingizia dirishani. Halafu akabaki amesimama chini, ana jambo.

"Nilitaka kukushukuru," akasema, "nikaona sijui nikuite nani."

Geum-suk, miaka yote hii nimekuwa Mama Mi-ran, mke wa Pyo, bibi wa nyumba yangu. Nikatazama saa ya stesheni. Zilibaki dakika mbili.

Nikamwambia, "Niite mama mdogo."

"Haya, mama mdogo," akasema. "Safari njema." Akainama, akaenda.

Treni ilipoondoka nilisikia baridi ya dirisha mikononi, ile mikono niliyoizoea kama ya mtu mwingine. Nililia kutoka Busan hadi Miryang, na Byeong-u alijifanya amelala. Baba Mi-ran alinipa leso. Nikaipokea. Bado nalala chumba cha Mi-ran.

Sasa maswali yako. Sikumwambia Bong-im yule msichana wa shule alikuwa ni nani. Yeye mwenyewe alimtaja tena jikoni, akasema alimpa mwanawe maji siku ya kiu, na kwamba huenda sasa naye ana watoto. Nikaendelea kugeuza samaki. Maneno yale si ya kusemwa na mimi. La pili bado silijui, na sitaki kukudanganya kwa sababu tu uko mbali.

Usirudishe tiketi. Njoo Agosti, chumba nitakutayarishia na supu utaikuta. Ukishapumzika siku mbili utapanda treni ya Busan. Nyuma ya bahasha hii nimekuchorea njia, kuanzia stesheni mpaka ngazi ya mwisho. Utakwenda peke yako, Geum-suk. Mimi sitakusindikiza.

Dada yako,
Geum-rye